Vitabu Vyetu Viachiwe Vitembee

Miezi michache iliyopita nilinunua kitabu kwa shilingi elfu tatu kutoka kwa ndugu mmoja anayetandika vitabu chakavu kando ya barabara, katikati ya jiji la Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Posta ya zamani. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza ambayo jalada lake limepauka na kona zake zimekunjamana. Lililonifanya nilipe bila ya kubishania bei halikuwa riwaya yenyewe. Ndani ya jalada palikuwa na kibandiko chenye picha ya kitabu kilichoota mikono na miguu, kinakimbia. Na chini yake namba ndefu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, pamoja na maneno ya kumweleza yeyote atakayekiokota kwamba kitabu hicho hakikupotea, kimo safarini.

"Hiyo namba ni ya maktaba, kaka?" aliniuliza muuzaji kwa wasiwasi. "Isije ikawa cha wizi nikasumbuliwa bure." Yeye alikipata ndani ya furushi la vitabu alilonunua kwa uzito, kama watu wanunuavyo nguo za mitumba, wala hakuwa na habari zaidi.

Usiku ule niliiingiza namba ile katika simu, na historia ya kitabu ikajitokeza mbele yangu. Kiliandikishwa mwaka 2009 na msomaji mmoja wa Ujerumani, ambaye alijitambulisha kwa jina la kubuni tu, akakiacha katika chumba cha kungojea abiria kwenye stesheni ya treni. Mwaka 2011 mtu mwingine alieleza kwamba amekiokota, amekisoma, hakumpenda shujaa wake, na amekiacha Uholanzi katika mkahawa. Baada ya hapo, kimya cha zaidi ya miaka kumi. Jinsi kitabu kilivyotoka mkahawani Uholanzi hata kikafika kwenye turubai la muuzaji wetu, hapana aliyeandika. Nami nikaongeza mistari minne: kitabu kiko Dar es Salaam, ni kizima, kimesomwa. Baada ya wiki mbili yule wa kwanza alinijibu kwa sentensi moja. Alifurahi, na alitaka kujua kama kurasa za mwisho bado zimo, kwani zilikuwa zimeanza kulegea alipokiachia.

Zimo. Lakini kisa hiki kidogo kimenifikirisha sana juu ya vitabu vilivyomo majumbani mwetu sisi watu tuliosoma, na ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya.

Mpango wenyewe unaitwa BookCrossing. Ulianzishwa Aprili 2001 na Ron Hornbaker, mtengenezaji wa programu za kompyuta katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, pamoja na mkewe na washirika wake wachache. Kabla ya hapo palikuwapo watu walioandika namba za noti za dola katika mtandao wa intaneti ili waone noti hizo zinazunguka wapi. Hornbaker alijiuliza: je, kuna kitu gani kingine ambacho watu wangependa kukifuatilia kikitoka mkono huu kwenda mkono ule? Akatazama rafu yake ya vitabu. Utaratibu aliouweka ni mwepesi hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuushika. Mwenye kitabu hukiandikisha, hupewa namba, huiandika namba hiyo ndani ya jalada, kisha hukiacha kitabu mahali pa hadhara: benchi la bustani, kituo cha basi, chumba cha kufulia nguo. Atakayekiokota akitaka ataingiza namba na kueleza alikikuta wapi na alikionaje, asipotaka, basi. Hadaiwi chochote.

Mwaka 2004 neno lenyewe liliingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ile ndogo iitwayo Concise. Kufikia Novemba 2019 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 1.9, na vitabu vilivyopewa namba vilikuwa zaidi ya milioni 13, katika nchi 132. Wako pia wanaopendelea utaratibu wa posta, ambapo majina ya wasomaji hupangwa katika orodha, kitabu kikatumwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine mpaka kikamrudia mwenyewe. Utaratibu huo ulipata pigo mwaka 2007, pale shirika la posta la Marekani lilipofuta huduma yake ya kupeleka vifurushi nchi za nje kwa meli na kubakiza ndege tu, kwa bei yake. Kumpelekea mtu usiyemjua kitabu kimoja chakavu ng'ambo ya bahari kukawa ghali kuliko kitabu chenyewe kilivyokuwa kipya. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuuona ule mtindo wa kuacha kitabu benchini kuwa bora zaidi: haumgharimu mtoaji hata senti.

Sasa tuseme kweli. Ni nani miongoni mwetu, awe mwalimu au mtumishi wa ofisini, ambaye hajawahi kuazimisha kitabu na kukikosa? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapana mahali ambapo msemo huu unatimia kuliko katika kuazimana vitabu. Mwazimaji huja na uso wa bashasha. Baada ya miezi sita hukukwepa njiani. Mimi nilimwazima rafiki kitabu cha historia nilichokinunua kwa taabu nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Leo ni miaka kumi na moja, na urafiki wetu umebaki salamu za mbali. Kosa lilikuwa la nani? Zamani nilidhani ni lake. Siku hizi naona lilikuwa letu sote wawili, kwa sababu nilimpa kitabu na deni kwa pamoja, na deni ndilo lililokuwa zito.

Hapo ndipo mpango huu ulipogusa jambo kubwa kuliko namba na vibandiko. Umeliondoa deni. Anayeacha kitabu kwenye benchi hana wa kumdai, na anayekiokota hana wa kumkwepa. Kitabu kikipotea, hakuna aliyedhulumiwa, maana mwenyewe alikwisha kukitoa moyoni kabla ya kukitoa mkononi. Na vinapotea vingi! Wanaoshiriki mpango huo hawafichi kwamba vitabu vingi wanavyoviachia havirudishi habari yoyote. Wapo wanaokata tamaa kwa ajili hiyo na kuacha. Naona wamekosea hesabu. Ukimya si dalili kwamba kitabu hakikusomwa. Kitabu changu kilinyamaza miaka kumi, na kumbe kilikuwa kikivuka bahari.

Yafaa pia tuijibu hoja ya wale wanaodai kwamba mtindo huu unawanyima waandishi jasho lao. Mwaka 2005 huko Uingereza palitokea mchapishaji mmoja aliyelalamika hadharani kwamba BookCrossing ni tishio kwa biashara ya vitabu, sawasawa na vile kunakiliana muziki kupitia kompyuta kulivyowatia hasara wauza muziki. Malalamiko haya si mageni. Mapema katika karne ya 20 kampuni ya uchapishaji ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilichapa onyo ndani ya riwaya yake moja kwamba mfanyabiashara yeyote asiiuze kwa bei iliyo chini ya dola moja. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Kampuni ikashtaki, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mchapishaji akishauza nakala, hana tena mamlaka juu ya nakala hiyo. Aliyeinunua ana hiari ya kuiuza, kuigawa au kuitupa. Msingi huo uliingizwa katika sheria yao ya mwaka 1909 na ukabakishwa katika ile ya 1976. Kunakili kitabu ni jambo lingine kabisa, na ni wizi. Kumpa mtu nakala uliyoinunua kwa fedha yako si wizi hata kidogo.

Hata hivyo siwezi kuipuuza hoja yote. Mwandishi wa Kiswahili anayeuza nakala chache na kungoja mrabaha mdogo anayo haki ya kutuuliza: mkigawana nakala moja watu ishirini, mimi nitakula nini? Waingereza walilitazama swali hilo wakatunga sheria mwaka 1979, ambayo kwayo serikali humlipa mwandishi kila vitabu vyake vinapoazimwa katika maktaba za umma. Sisi bado hatujafika huko, na ingefaa wenye kuhusika walifikirie. Lakini mwandishi asiyesomwa hauzi nakala ya kwanza wala ya ishirini. Msomaji hutengenezwa, na aghalabu hutengenezwa na kitabu alichokipata bure wakati hana uwezo wa kununua.

Kasoro kubwa ya mpango huu iko mahali pengine, na washabiki wake hawapendi kuisema. Kitabu huachwa pale anapopita mwenye kukiacha. Basi yamkini msomi wa Marekani au wa Ulaya anapita wapi? Anapita katika uwanja wa ndege, mkahawa wa kahawa ya bei kubwa, hoteli, bustani ya mtaa wake. Na ni nani atakayekiokota hapo? Ni msomi mwenziwe, ambaye nyumbani kwake rafu zimejaa. Kwa hiyo vitabu huzunguka, naam, lakini huzunguka ndani ya tabaka lile lile kama maji ndani ya birika.

Si maneno yangu tu. Upo mtindo mwingine unaofanana na huu, wa visanduku vya vitabu vinavyosimamishwa mbele ya nyumba. Ulianza mwaka 2009 katika mji wa Hudson, jimbo la Wisconsin, ambako Todd Bol alitengeneza kisanduku chenye umbo la shule ya chumba kimoja kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu, akakijaza vitabu, akakipandisha juu ya nguzo nje kwake ili kila apitaye achukue kimoja au aongeze kimoja. Kabla Bol hajafariki mwaka 2018 visanduku hivyo vilikwisha kuenea duniani kwa maelfu mengi. Ni wazo zuri, na walimu wanaosoma gazeti hili watakubali kwamba mwana hawezi kumjengea mama mwalimu kumbukumbu iliyo bora zaidi. Lakini mwaka 2017 watafiti wawili wa mambo ya maktaba nchini Kanada walivipanga visanduku vya Toronto na Calgary juu ya ramani, wakakuta kwamba vingi viko katika mitaa ya wenye nafasi, watu weupe kwa wingi, ambako maktaba za umma hazikuwa mbali. Mitaa yenye njaa ya vitabu ilibaki na njaa yake.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tuna mabirika yetu, na yetu yana kufuli.

Nilisoma katika shule moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na kabati la mbao zuri ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ndani ya kabati hilo zilikuwamo riwaya, tamthilia na vitabu vya sayansi vilivyoletwa kama msaada, bado vikinukia gundi. Miaka minne nilipokuwa pale sikuona kabati hilo likifunguliwa, isipokuwa siku ya wageni. Siku moja mchwa walipanda kutoka sakafuni, na lilipofunguliwa kwa haraka palikuwa na majalada tu. Katikati ni udongo. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na leja. Kila kitabu kiliandikwa humo, na kila kitakachopotea kingeulizwa na mkaguzi, naye angelipishwa. Kitabu kilichochakazwa na wanafunzi mia mbili kingekuwa hasara upande wake. Kilicholiwa na mchwa kilikuwa ajali. Maadam hesabu imepangwa hivyo, nani angefungua kabati?

Kwa vitabu vya serikali basi sina la kumshauri mwalimu isipokuwa kuwaomba walio juu yake wakubali kwamba kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimemaliza kazi yake kwa heshima, na kifutwe katika leja bila ya barua ya kujieleza. Lakini vitabu vya majumbani mwetu havina leja. Nilivihesabu vyangu wiki iliyopita: ni mia mbili na kumi na nne. Vile ambavyo nitavisoma tena, nikisema kweli mbele ya nafsi yangu, havifiki thelathini. Vingine vyote vimekaa pale ili mgeni aingiapo sebuleni ajue kwamba ameingia kwa mtu aliyesoma. Hayo ni mapambo, ndugu zangu, na pambo la vitabu ni la ubinafsi kuliko pambo la vyungu, kwa kuwa chungu hakina mwingine anayekihitaji ili ajikomboe.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya elimu ya watu wazima. Hesabu rasmi zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini Tanzania walipungua kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Ili waliojifunza wasije wakasahau, zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Baadaye fedha zilipungua, maktaba nyingi zikafungwa, na mzee aliyejifunza kusoma kwa taa ya chemli akakosa cha kusoma hata akarudi alikotoka. Katika miaka hiyo ni vitabu vingapi vilikuwa vimelala kwenye rafu za watumishi mijini, kilomita chache kutoka kwake?

Kwa hiyo niliamua kuanza na kitabu kile kile cha turubai. Nilikibandikia karatasi yenye maneno ya Kiswahili: "Kitabu hiki hakijapotea. Kisome, kisha mpe mwingine." Nikaenda nacho katika kituo cha mabasi ya mikoani cha Magufuli, kule Mbezi, nikakiweka kwenye benchi la abiria, nikaondoka kwa mwendo wa kawaida kama mtu asiye na lake.

Sikufika mbali. "Kaka! We kaka! Umesahau kitabu chako!" Alikuwa mama anayeuza chai na maandazi, ameacha birika lake mekoni na kunikimbilia, kitabu kakikumbatia kifuani ili kisichafuke. Nikamweleza kwamba sikusahau, nimekiacha makusudi. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa. "Umekiacha makusudi? Kwani kina nini?"

Jambo hili mwasisi wa Kansas City hakulijua, wala hakuwa na sababu ya kulijua. Kwetu sisi, kitu kilichoachwa benchini ni kitu kilichosahauliwa, na mtu mwema humkimbilia mwenyewe. Au ni kitu cha kutiliwa shaka, na mtu mwangalifu hukaa nacho mbali. Desturi hii ni nzuri, na sitaki kitabu kiwe sababu ya kuiharibu. Basi yafaa sisi tuache kukitupa kitabu benchini kimya kimya, tukitoe mkono kwa mkono, kwa maneno mawili matatu: kwa abiria tuliyekaa naye kiti kimoja, kwa muuguzi wa zamu, kwa fundi cherehani wa mtaani. Na tuanze na vile vya Kiswahili. Katika vitabu vyote nilivyovitazama kwenye orodha za mtandao huo sikukutana na cha lugha yetu hata kimoja. Namba inapatikana bure. Mwalimu yeyote mwenye simu anaweza kuandikisha riwaya ya Kiswahili aliyokwisha kuisoma na kuiachia ianze safari, na bila shaka itakwenda mitaa ambayo kitabu changu cha Kiingereza hakiwezi kwenda.

Yule mama wa chai alikifungua akaona Kiingereza, akatikisa kichwa. "Mimi hiki hakinifai," alisema. "Lakini nina binti yuko kidato cha tatu." Akafuta mikono yake kwa kanga, akakifunga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki na kukiweka chini ya meza, mbali na moto. Kisha akanimiminia chai, na nilipotaka kulipa alikataa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika lolote dhidi ya namba ile.